Mahali pa Siri pa Nahodha

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Jumanne, siku ya pili ya msimu wa uvuvi, mpima maji alisukuma matete kwa fimbo ya ndoana yake akakuta samaki wote wamekufa. Perege wa ukubwa wa sahani, kambare, na vidogo visivyo na hesabu, matumbo juu, wamejaa kona nzima ya bwawa chini ya shamba la mboga. Alichutama akanusa. Maji yalinuka dawa ya wadudu.

Kazini walimwita Dada Chupa, maana hata harusini alikwenda na chupa za sampuli mkobani. Idara ya maji ilimtuma kupima bwawa kwa siku tatu, naye, mtu asiyeweza kuona maji akatulia, alificha ndoana chini ya vifaa vya serikali. Akajaza chupa mbili: moja kwenye mfereji unaotoka shambani, nyingine kwenye mwamba ulio ndani ya bwawa, hatua thelathini kutoka ukingoni. Akaandika saa. Ndipo akapiga simu ofisi ya bwawa.

Kufikia saa mbili, afisa wa bwawa alikuwa ameshapata mkosaji.

"Dawa iko kwa Mama Bustani, mteremko ni wake, samaki wamefia kwake. Saa sita mchana tunang'oa mboga na anahama ukingoni. Wewe uliyewaona wa kwanza, tia sahihi hapa."

"Sahihi yangu siitii kwenye kitu ambacho sijakipima."

"Dada, usinichoshe. Saa sita!"

"Saa sita mbali. Nina saa nne nzima."

Mama Bustani, mjane aliyeishi na kulima pale miaka kumi na nane, alisimama mlangoni pa shamba, mikono kiunoni.

"Kama na wewe umekuja kunifukuza, anza kunibeba mimi, halafu nyanya."

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuona dawa."

"Marahaba. Dawa hiyo hapo."

Chupa ilikuwa moja, kifuniko hakijavunjwa bado. Bomba la kupulizia lilikuwa kavu, buibui amejenga ndani ya mdomo wake. Na nyanya zenyewe! Miche ya urefu wa kidole, ingali kitaluni chini ya nyasi.

"Miche kama hii nipulizie dawa? Mimi mwehu?" mama aliuliza.

"Nani analitaka shamba hili?"

"Nani halitaki? Hakuna pa kuegesha boti pazuri kama hapa. Chama cha wavuvi wamenibembeleza mara tatu, nimekataa mara tatu."

"Leo alfajiri uliona mtu?"

"Mpishi wa nyumba ya wageni. Saa kumi na moja, na ndoo, ananyata kama mwizi."

Mpishi! Dada Chupa alikuwa analala nyumba hiyo hiyo. Saa nne na robo aliingia jikoni bila hodi akaonyesha kwa kidole ndoo iliyofunikwa kitambaa chini ya meza.

"Funua."

"Maji ya kuoshea vyombo hayo, dada."

"Maji yenye mikia?"

Maana mikia ilisikika ikichapa maji. Ndani kulikuwa na visamaki vya chambo, vizima, vinazunguka. Mpishi akajikuna kichwa, akakiri: huvinasa ng'ambo ya pili, na alianza wiki mbili kabla ya msimu kufunguliwa. Kosa ni kosa, lakini samaki waliotoka kwenye sumu hawachezi ndani ya ndoo.

"Na wewe," Dada Chupa alisema, "jana nilikuuliza mahali pazuri pa kuvua ukanipeleka kwenye bomba la maji machafu."

"Ulitaka nikuambie kweli? Mgeni kabisa?" Mpishi hakuona hata haya.

"Mwenye duka la ndoana naye akaniambia nivue kwenye ukuta wa bwawa."

"Ukutani hakuna hata chura!" Mpishi alicheka hadi akashika meza. "Dada, hapa mtu akitaja mahali pake, tutajua anaumwa."

Dada Chupa hakucheka. Aliwakumbuka wale perege wa asubuhi. Samaki wakubwa vile hujaa mahali pamoja tu katika bwawa, na kuna mtu aliyempeleka hapo hapo.

"Nahodha aliniambia kweli," alisema polepole. "Jana saa kumi na mbili jioni, hapo barazani. Akanichorea na ramani: kona chini ya shamba, mbele ya mwamba, niwahi kabla jua halijatoka."

Mpishi aliweka mwiko chini. "Nahodha? Mwenyekiti wa wavuvi? Huyo anapovua hata mkwewe hapajui!"

"Naomba ndoo yako. Na sufuria tatu."

Saa sita kasoro dakika kumi, wavuvi walikuwa wameshaingia shambani na majembe. Afisa alishika karatasi, askari alisimama pembeni. Nahodha, mzee mwenye kifua kipana, alikuwa mbele yao wote.

"Mzee, tangu jana boti yako imefika kona hii?" Dada Chupa aliuliza.

"Haijafika. Iko gatini tangu jana mchana, imefungwa. Muulize yeyote."

"Wote mmesikia. Askari, naomba unichotee maji yaliyotuama ndani ya boti yake."

Askari alirudi na kopo. Sufuria ya kwanza ikatiwa maji ya mfereji wa shamba, ya pili maji ya bomba, ya tatu maji ya boti. Kila sufuria visamaki viwili. Watu wakainama. Mfereji, wanaogelea. Bomba, wanaogelea. Kwenye ya tatu mmoja alipinda, akageuka tumbo juu. Wa pili akamfuata.

"Ala!" mkwe wa Nahodha alisema.

"Mferejini hamna dawa, nimepima. Mwambani imejaa tele. Ingetoka shambani, ingepita mferejini kwanza, jamani. Dawa imemwagwa kutoka kwenye boti, iliyobaki imevuja humo humo. Na jana huyu mzee alinipa mimi, mgeni, mahali pake pa siri."

"Hata mimi hukuniambia, baba!" mkwe alilia. "Nimekuolea binti miaka tisa!"

"Alijua asubuhi hapatakuwa na samaki hai. Alitaka mtu wa serikali awe wa kwanza kuwaona wamekufa, atie sahihi. Mimi si muhuri wako, mzee."

Nahodha alitazama huku na huku, asimpate wa kumtetea. Basi akaacha kujificha.

"Ndiyo, nimemwaga! Boti thelathini hazina pa kuegesha kwa sababu ya mwanamke mmoja mbishi! Samaki watarudi mwakani."

Afisa alimvuta Dada Chupa kando. "Tuandike chanzo hakijulikani, yaishe."

"Kinajulikana, kimesimama pale. Andika, nami nitatia sahihi sasa hivi."

Afisa aliandika, jasho likimtoka. Askari akamshika Nahodha mkono, lakini mzee alimgeukia Mama Bustani.

"Jela nitatoka tu. Na wewe utakufa siku moja, na shamba litakuwa letu."

"Nitakufa siku yangu," mama alisema. "Leo nina miche ya kuhamisha. Toka kwenye tuta langu."

Nahodha akatazama miguu yake, akatoka. Wavuvi wote nyuma yake wakatoka vilevile, mmoja mmoja, wakiangalia wasikanyage.