Thunderbird Imefungwa Paa

"Verl, funga paa la gari."

"Silifungi. Kuna watu wa picha wanakuja."

Huyo ndiye Verl, mwanamume niliyempenda kuliko akili yangu, na mke mwenza wangu alikuwa gari. Thunderbird ya mwaka sitini na sita, ya wazi, rangi ya samawati. Enzi za baba yake watu wa sinema walilikodi, waigizaji wakalikimbiza jangwani nje ya Moab hapa kwetu, na tangu hapo wageni hawaishi kuja kupiga nalo picha. Sisemi uongo, gari lilikuwa zuri jamani. Ukilipanda jioni miamba myekundu yote inaonekana kwenye boneti, na wewe unajiona nyota. Nilimpendea Verl humo humo, kiti cha mbele, wala sioni haya.

Shida ni kwamba paa lake likifunguliwa linajikunja lote ndani ya buti, begi halipati pa kukaa. Na kwa kuwa kwenye sinema lilikuwa wazi, Verl hakulifunga kamwe. Mvua ikinyesha analikimbiza bandani.

Siku hiyo nilikuwa naondoka. Nilipata kazi hospitalini Denver, kule Colorado, nikamwomba twende wote, naye tangu Pasaka anasema anafikiria.

"Begi langu nitaliweka wapi sasa?"

"Lipakate, Marva. Nakupeleka kituoni tu."

"Kituoni tu?"

Akainama, akaendelea kufuta kioo. Nilibeba begi langu nikaenda kwa miguu, nalia njia nzima. Nilipofika kituo cha mafuta basi linaposimama, nikamtumia ujumbe: "Baki na gari lako. Mmependana."

Nikakaa juu ya begi, nikasubiri basi.

Basi lilikuwa linaingia pale gari moja lilipokata kona. Mzee Delbert, mwenye kituo, akauliza ni la nani, maana la mtaa huu halikuwa. Hata mimi sikulijua. Lilikuwa na paa jeupe lenye mikunjo, limejaa vumbi na harufu ya panya.

Akashuka Verl.

"Shetani wee," Mzee Delbert alisema. "Kumbe lina paa."

Verl alifungua buti. Ndani kulikuwa na begi lake na viatu vyake vya kazi, na nafasi kubwa pembeni.

"Na watu wa picha?" nikamuuliza.

"Nimewaacha wanapiga picha banda."

"Na kesho wakija wengine?"

"Kesho niko Denver, natafuta kazi. Lete begi, mpenzi, dereva wa basi anatukodolea macho."

Nikalitia begi langu kwenye nafasi ile kabla hajabadili mawazo.

Tulipovuka mpaka wa Colorado jua lilikuwa limewaka vizuri. Nikaona mkono wake unakwenda kwenye swichi ya paa, kwa mazoea. Ukafika, ukasita, ukarudi kushika wangu.