Feni Isiyozunguka

Kompyuta ya Belyse ilipoacha kuzimika saa za jua kali, hakuuliza kwa nini. Alikuwa amechoka mno kuuliza.

Chumba chake pale Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kilikuwa na paa la mabati. Humo aliwaandikia watu barua na kuwatolea picha, huku mama yake, Godeberthe, akipumzika chumba cha ndani. Kwa muda mrefu prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ilikuwa ikipata moto hadi mashine inajizima katikati ya kazi ya mtu. Belyse alifuta vumbi kwa brashi, akabadilisha ile dawa nyeupe inayopakwa juu ya prosesa, akaiacha mashine wazi ubavuni. Wapi! Siku moja aliinamisha kichwa mezani akasema kwa sauti, "Anayeweza kuipoza, aje aipoze. Mimi nimeshindwa."

Kuanzia hapo haikuzimika tena. Ila ilinuka udongo uliotoka kuchimbwa, na kaupepo kembamba kalitoka ndani yake, kakarudi, kakatoka tena, kama pumzi. Belyse aliendelea kuandika.

Ndipo mama yake akaanza kuungua. Homa ilipanda mchana, jioni ikashuka. Zahanati walimpima malaria, hawakuona kitu.

Wateja walipoilalamikia harufu, Belyse alidhani panya amefia ndani. Akamwacha mama mikononi mwa mdogo wake wa kike, Doriane, akaibeba mashine hadi Mbarara kwa fundi Muhirwa.

Muhirwa aliifungua, akaiwasha, akachungulia ndani.

"Dada Belyse, hii feni imekufa kitambo. Ona, buibui amejenga humu."

"Lakini haipati moto."

Fundi aligusa chuma kilichokaa juu ya prosesa, akauvuta mkono haraka. "Baridi kama jiwe la mtoni." Akashusha sauti. "Joto la prosesa haliishi hivi hivi. Lazima liende mahali. Hili linaenda wapi?"

Simu ya Belyse ikaita. Ilikuwa Doriane.

"Dada, rudi! Mama alikuwa amekaa vizuri, sasa hivi tu amewaka. Namwagia maji, yanatoa mvuke!"

Belyse akamtazama Muhirwa. "Zima," akanong'ona.

Fundi akazima. Simuni Doriane alisikika akimwaga maji tena. "Ajabu... inashuka."

"Usiniachie kitu hiki," Muhirwa alisema, akaifunga mashine upesi.

Njia nzima ya kurudi Belyse aliipakata, nayo haikuwa na waya wala umeme, na bado aliisikia ikipumua juu ya mapaja yake, polepole, kama mtoto aliyelala, na hakuwa na nguvu hata ya kuitupa nje ya dirisha la gari.

Doriane alikuwa amemwita Mama Miriamu, Mkongomani aliyejulikana kwa maombi ya kutoa pepo.

"Mwanangu, uliita nani humu ndani?" Miriamu alimuuliza Belyse.

"Sikuita mtu, mama. Nilichoka tu, nikasema anayeweza kuipoza aje."

"Basi alikuya. Mimi nitaomba, lakini umufukuze na kinywa yako. Ni weye ulimukaribisha."

Belyse akapiga magoti akasema hamtaki tena, atoke, asirudi, huku Miriamu akiomba na kunyunyiza maji ya chumvi, na mashine ikaanza kutetemeka sakafuni, pumzi ikawa kubwa, harufu ya udongo ikajaa hadi wakakohoa, mabati yakalia juu yao ingawa nje hakuna jani lililotikisika, mpaka mlango wa chumba cha ndani ukafunguka wenyewe, ukajifunga, na kila kitu kikanyamaza.

Walipoiwasha mashine, chuma kikapata moto upesi. Belyse aliushika ule moto akalia kwa furaha.

"Ameenda," Miriamu alisema.

Kesho yake mchana Godeberthe alitoka mwenyewe, bila homa, akaketi uani kwenye jua la utosi. Kuku walikuwa wamejibanza kivulini, midomo wazi. Mmoja akatoka, akafuata mwingine, kisha wote. Wakavuka lile jua wakaenda kulala miguuni pa Godeberthe, wakajisukuma ndani ya kitenge chake, wakafunga midomo, wakatulia kama waliopata ubaridi.

Mama akainua uso, akatabasamu.

"Njoo ukae hapa, mwanangu. Umechoka."

Jasho lilikuwa likimtiririka Belyse mgongoni, na kutoka kwa mama kalikuja kaupepo kembamba kenye harufu ya udongo. Akajikuta anakwenda.