Leo Usirushe Taulo

"Wifi, njoo umchukue mumeo, la sivyo leo jioni nampeleka makao ya wazee!"

Nereida alikuwa kibarazani kwake, mjini Colón, akikaanga ndizi mbichi. Simu nusura itumbukie kwenye mafuta.

"Mume gani, Dalila? Kaka yako si aliniacha mbele ya Panama nzima?"

"Hakumbuki kama alikuacha. Ngumi zimemharibu kichwa. Jana muuza barafu kapiga kengele yake, Evaristo kainuka kampiga jirani! Nimeshindwa, wifi."

"Basi shindwa. Mimi nilishashindwa zamani."

Akakata simu.

Evaristo alipokuwa bingwa wa dunia wa ngumi, hakuna aliyeruhusiwa kumfunga bendeji mikononi ila mkewe. Pambano la mwisho, Nereida alipoona macho ya mumewe hayamwoni tena, alimpokonya kocha taulo akalirusha ulingoni, ishara ya kusalimu amri. Mkanda wa ubingwa ukaenda.

"Umeniua, Nereida! Heri ungeniacha nifie mle ndani!"

Evaristo hakurudi nyumbani tena. Mtaa nao, kwa roho mbaya yake, ukampa mwanamke jina. Hata wateja walimtania, "Mama Taulo, usije ukarusha na ndizi zangu!" Alicheka nao, kisha akalia peke yake.

Simu ikalia tena. Safari hii ulikuwa ujumbe wa Dalila: "Amekaa kitandani, anauliza nani atamfunga mikono."

Nereida akazima jiko.

Alimkuta kwa Dalila, amevaa shati, vifungo vimepishana. Evaristo alimtazama kama mgeni.

"Wewe ndiye nesi?"

Iliuma kuliko matusi yote ya siku ile ya taulo.

"Ndiyo."

"Nina pambano leo, na mke wangu kachelewa."

"Lete mkono, basi."

Akachukua bendeji kuukuu juu ya kabati. Akaanza kifundoni, akapanda kwenye gumba, akakaza. Evaristo akakunja uso.

"Taratibu, Nere! Kila siku gumba langu unalikaba kama shingo ya kuku."

Nereida akaangua kilio. Lalamiko lile alilisikia kabla ya kila pambano, miaka yote ya ndoa yao.

"Sasa unalia nini? Nitashinda."

"Najua, baba."

"Ila leo usirushe taulo. Hata nikianguka. Niahidi."

Dalila akachungulia mlangoni, begi la kaka yake mkononi.

"Wifi, gari la makao limefika."

Nereida hakugeuka.

"Liambie lirudi. Na hilo begi lipeleke kwangu."

"Una uhakika? Ugonjwa huu hauponi."

"Nimesikia, Dalila."

Akamshika Evaristo mashavu, akamtazama machoni.

"Sirushi, mume wangu. Hata ukianguka."

Evaristo akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akautazama mkono uliofungwa, akaugeuzageuza, kisha akamtazama mwanamke aliyeketi mbele yake.

"Asante, nesi. Umefunga vizuri."

Nereida akajifuta machozi kwa kiganja.

"Haya, lete na mkono wa pili."