Kashata za Hitima ya Ismaily

Jua lilikuwa likizama Sikudhani alipovuka kijito kwenda kufuata asali kwa Bi Mwanamina. Maji yalikuwa yamekupwa, akavuka kwa miguu. Kesho yake ilikuwa hitima ya arobaini ya Ismaily, mtoto wa pekee wa Bi Mwanamina, aliyekutwa amekufa maji huko mikokoni alikokwenda kukata boriti. Watu walisema aliteleza. Pale Mbwera hakuna aliyepika kashata za ufuta kumshinda Sikudhani, na Bi Mwanamina alimwomba azipike za hitima. Sharti lilikuwa moja tu: asali atatoa yeye.

Alimkuta mlangoni, ndoo iko miguuni.

Sikudhani alifunua mfuniko. Asali ya mikoko aliijua toka utotoni, lakini hii ilikuwa nyeusi, nzito, na harufu yake... udongo mbichi. Udongo na ubani.

"Umeirina wapi hii, Bi Mwanamina?"

"Pale pale alipolala mwanangu." Bi Mwanamina alinong'ona kana kwamba kuna mtu amelala ndani. "Nilitundika mzinga juu ya mchu, mkoko ule aliokutwa chini yake. Nyuki wakaja siku ileile."

"Na nani kakurinia?"

"Mwenyewe. Bila moshi. Hakuna hata mmoja aliyeniuma."

Akamshika Sikudhani kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Asionje mtu kabla ya kisomo, mwanangu. Aliyemgusa Ismaily kwa ubaya, hii haitapita hapa." Akajigusa koo.

Sikudhani alirudi mbiombio. Katikati ya kijito akasimama. Ndani ya ndoo kulikuwa na mvumo, mdogo, kama wa mtu anayesoma kimoyomoyo. Akafunua. Asali imetulia. Hakukuwa na nyuki hata mmoja.

Akafunika, akaenda. Mvumo ukamfuata mpaka nyumbani.

Aliposwali magharibi aliwasha moto, akakaanga ufuta, akabandika asali. Mikono ilifanya kazi, lakini moyo haukukaa mahali pamoja. Siku aliyokufa Ismaily, mumewe Tamimu aliwaambia watu wote kwamba yeye na Dadi walishinda Mohoro. Dadi ni kaka yake Sikudhani, na yeye na Tamimu hukata boriti pamoja. Lakini jioni ile Tamimu alirudi na matope meusi ya mikokoni mpaka mapajani. Njia ya Mohoro haina matope yale. Sikudhani aliifua suruali, akaianika. Hakuuliza.

Alikuwa amekwisha kuzitandaza kashata kwenye sinia, amezikata, zinapoa, Tamimu alipoingia.

"Zanukia," alisema, akachuchumaa jikoni kama alivyozoea. Kila zikipikwa kashata, kipande cha pembeni huwa chake.

Mkono ukaenda kwenye sinia.

Sikudhani alifunua kinywa amwambie. Neno lilikuwa pale pale ulimini. Akafumba kinywa.

Tamimu akatafuna. Akamtazama mkewe, akatabasamu, akaendelea kutafuna. Kisha tabasamu likaondoka. Akatafuna tena... na tena. Jasho likamtoka usoni. Shingo ilipanda, ikashuka, kitu hakikupita.

Ndipo Sikudhani alipousikia.

Mvumo ule. Kooni mwa mumewe.

"Tema," alinong'ona. "Baba, tema."

Alitema. Ufuta ulitoka mkavu, kama haujawahi kuguswa na mate, na katikati yake akatoka nyuki mmoja, amelowa. Alitembea taratibu juu ya mkeka, akapita mlangoni, akaingia gizani.

Tamimu alijishika shingo kwa mikono miwili.

"Alishika ubavu wa mtumbwi," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba. "Alituomba mkono..."

Hakumaliza. Na tangu hapo hakusema tena.

Hitima ilisomwa. Watu walikula kashata, wakamsifu mpishi, zikapita kwenye makoo yote. Dadi hakuwapo, aliondoka alfajiri kwenda Mtunda, ati ana shamba la kuangalia. Tamimu alipelekwa hospitali kule Kibiti. Walimulika koo, wakapiga picha, hawakuona kitu. Maji yalipita. Uji ulipita kwa shida. Wakamrudisha nyumbani, akawa analala chumba cha ndani, amegeukia ukuta.

Bi Mwanamina alikuja kumjulia hali. Alikaa kitandani pake kitambo, kisha akatoka uani kwa Sikudhani. Alikuwa na ndoo.

"Mzinga umejaa tena," alisema.

"Hitima imekwisha, Bi Mwanamina."

"Imekwisha." Akaitua ndoo chini. "Lakini mwanangu alikuwa na nguvu, Sikudhani. Mtu mmoja asingemweza."

Akaenda zake.

Sikudhani hakuigusa ile ndoo. Aliipita akienda kisimani, akaipita akirudi. Aliifunika kwa kanga. Mvumo ukapenya kanga. Jioni simu ikalia. Alikuwa Dadi.

"Dada, nasikia shemeji hali chakula," alisema. "Nakuja kesho kumwona."

"Karibu, kaka."

"Kakwambia lolote?"

Sikudhani alisikia pumzi ya kaka yake, fupi fupi, akingoja jibu.

"Hasemi," alimjibu.

"Alhamdulillahi," alisema Dadi, kisha kama aliyejishtukia: "Namaanisha, angalau yu hai."

Simu ikakatika. Sikudhani alikaa mpaka adhana ya magharibi. Halafu akainuka, akaiingiza ile ndoo jikoni, akawasha moto, akamimina ufuta kikaangoni.

Chumbani, Tamimu akaanza kugonga ukuta. Taratibu kwanza. Kisha kwa ngumi. Kisha kwa kitu kizito zaidi ya ngumi.

Sikudhani hakugeuka. Ufuta ukiachwa bila kukorogwa huungua.