Marehemu Aliyepata Alama Nzuri

Karani wa vyeti vya kuzaliwa alikunywa chai yake bila haraka. Siku hizi ndivyo alivyokuwa. Mumewe, fundi cherehani, alimtazama akivaa viatu kwa uvivu.

"Mama watoto, unaumwa?"

"Siumwi. Nikijituma kazini, napewa alama ya wastani. Nikizembea, alama hiyohiyo. Mwezi huu naacha kazi."

"Na watoto watakula nini?"

Alichukua mkoba wake, akatoka.

Ofisi ya halmashauri ilikuwa na korido ndefu, na taa yake ilipepesa hata mchana. Chumbani kwake mlikuwa na meza mbili. Moja yake, nyingine ya Mzee Kofia, mtunza majalada, aliyefariki mwaka uliopita. Kila asubuhi karani alikuta kiti cha marehemu kimevutwa nyuma, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi. Alikirudisha. Kesho yake kilikuwa vilevile. Wenzake walimtania, lakini wewe mwambie mmoja wao aingie peke yake uone.

Asubuhi hiyo matokeo ya tathmini ya utendaji kazi yalikuwa yamebandikwa ukutani. Karani: wastani. Chini yake: Mzee Kofia, mzuri sana, anawahi kazini.

Nywele zilimsisimka. Nyuma yake wenzake walisogea kusoma.

"Anawahi," mtu alinong'ona. "Basi ni yeye anayevuta kiti."

Karani aliogopa, kisha akapandwa na hasira. Alikwenda moja kwa moja kwa afisa utumishi.

"Dada, marehemu amenishinda kazi. Kati yetu nani yuko hai?"

"Kaa kwanza. Mkuu wako wa idara aliwahi kukuita mkazungumzia kazi yako?"

"Hata siku moja."

"Basi hakukupima. Amenakili alama za zamani, tena kuzibandika ukutani ni kosa. Mwanzoni mwa mwaka mnakubaliana malengo. Katikati mnakaa tena, mnaangalia kinachokwama. Mwishoni mnapima pamoja, na unaziona alama zako. Usiporidhika, unakata rufaa. Bila hayo mchapakazi anavunjika moyo, na wananchi ndio wanaoumia."

Karani alimkumbuka mama mwenye mtoto mgongoni, aliyerudi dirishani kwake mara kwa mara bila kupata cheti. Aibu ilimshika.

Mkuu wa idara aliitwa kwenye matokeo. Alipoona jina la marehemu, alisawijika.

"Nilimzika mwenyewe," alisema taratibu. "Nimenakili tu. Sikumtazama mtu yeyote."

Alimfuata karani chumbani kwake, akakaa kwenye kiti cha Mzee Kofia. Mara akasimama, akakipapasa.

"Nani alikuwa amekaa hapa? Kina joto."

"Hakuna mtu, bosi."

Alikisukuma mbali kidogo. Mazungumzo yote aliyafanya wima.

"Haya, niambie. Nini kinakukwamisha?"

"Muhuri. Unaufungia kwenye droo yako, na wewe kila siku uko mikutanoni."

Siku hiyohiyo alimkabidhi muhuri. Wakakubaliana kila cheti kitoke ndani ya wiki. Katikati ya mwaka walikaa tena, na foleni ya dirishani ilikuwa imepungua sana.

Mwisho wa mwaka karani alirudi nyumbani, akavua viatu, akacheka peke yake. Fundi akasimamisha cherehani.

"Vipi, umepata alama nzuri?"

"Kwenye vyeti, nzuri. Kwenye lugha kwa wananchi mkuu wangu amenishusha. Anasema nawajibu kwa ukali."

"Na unacheka?"

"Nacheka, baba watoto. Ni kweli nawajibu kwa ukali. Miaka yote hii, leo ndiyo mara ya kwanza ameniona."