Ghorofa Mbili, Swali Moja

Kila asubuhi mhadhiri wa wadudu aliingia chumbani mwake, akajifungia. Ndiyo ilikuwa desturi ya kitivo chao: kila idara na ghorofa yake, ufunguo wake na daftari lake la vipimo. Wadudu juu, udongo chini. Watu walipishana ngazini, wakasalimiana, basi.

Kwa miaka mitatu alikuwa akitafuta kwa nini viwavi hushambulia mahindi ya shamba moja na kuliacha la jirani. Hesabu za viwavi alikuwa nazo tele, jibu hakuwa nalo. Sasa mkuu wa kitivo alikuwa amemwandikia barua: asipochapisha makala mwaka huu, maabara atapewa mtu mwingine.

"Leo umezungumza na nani, mama watoto?" mumewe alimwuliza jioni.

Alifikiri. "Na viwavi."

"Wamejibu?"

"Wangejibu, ningekuwa profesa."

Walicheka, lakini kicheko chake yeye kilikatika mapema.

Kesho yake alikwenda maktaba kuazima tena kitabu cha madini ya udongo. Mkutubi, mama aliyezoea kuwatania wasomi, alimtazama juu ya miwani.

"Kimechukuliwa, mwanangu. Anacho yule wa chini yako."

"Nani huyo?"

"Makubwa! Mwaka wa tatu mnapokezana kitabu kimoja, na hujamjua?"

"Yeye ni wa idara nyingine, mama. Hatuonyeshani madaftari."

"Nani amekataza?"

Mhadhiri aliuweka mkoba wake mezani.

"Sikiliza," mkutubi alisema taratibu. "Mwashi na seremala wakijifungia kila mtu kwake, nyumba haiezekwi. Utafiti nao ni hivyo hivyo. Wewe unajua wadudu, mwenzio anajua udongo. Swali lenu lina pande mbili, na kila mmoja ameng'ang'ania upande wake. Nenda kabishe hodi."

Alishuka vidato ishirini. Alisimama mlangoni kitambo, mkono hewani, ndipo akabisha.

"Karibu, dada," alisema mpima udongo, bwana mpole mwenye sauti iliyokauka kwa kutotumika. "Umepotea?"

"Nadhani. Kwa miaka mitatu sasa."

Walifungua madaftari yao, wakayaweka bega kwa bega. Mashamba yalikuwa yale yale! Katika kila kipande ambacho bwana yule aliandika "madini haba", mhadhiri alikuwa ameandika "viwavi wengi".

"Lo! Na mimi nilidhani mizani yangu imeharibika, vipande jirani vikitofautiana hivi," bwana akanong'ona.

Walipima upya pamoja, wakaandika pamoja. Mkuu wa kitivo alipoona kazi yao, aliamuru idara zote zikutane kila Jumanne, madaftari wazi. Makala ilichapishwa kabla ya mwaka kwisha, ikiwa na majina mawili. Maabara ikabaki kwa mwenyewe, na wakulima wakaelezwa wapi pa kuanza kurutubisha.

Siku makala ilipotoka, mpima udongo aliisoma mara mbili, akaikunja polepole.

"Kazi imekwisha, dada. Huku chini utakuja tena?"

Mhadhiri akavuta kiti, akaketi.

"Tuanze na swali gani?"