Mitalawanda ya Uweso

Kila asubuhi Asmahani alifagia ua, akabandika uji, kisha akaketi ukumbini kupepeta mchele. Mlango wa mbele aliuegesha tu. Alikuwa akikaa eda. Mumewe Uweso alizikwa mwezi uliopita, na tangu siku hiyo hakuvuka kizingiti cha nyumba yao mtaani Mabawa.

Mitalawanda ya marehemu, vile viatu vyake vya mti vya kuendea chooni, ilikuwa bado uani. Jua likipanda, ililia yenyewe. Ka. Ka. Ka. Mlio ulikuja mpaka mlango wa chumba alimolala binti yake Sabiha, mtoto wa miaka minne, kisha ukanyamaza. Asmahani akichungulia, huiona palepale ilipokuwa, imetulia juani.

Asubuhi moja shemeji yake Idarusi, ndugu wa marehemu, alikuwapo ilipolia. Rangi ilimtoka. Akaingia chumbani, akamtwaa Sabiha begani.

"Nyumba hii inatembewa na maiti, shemeji! Kesho napanda garimoshi na mtoto, nakwenda naye kwangu Moshi."

"Idarusi, niachie mwanangu!"

"Nifuate basi, wewe mwenye eda!"

Asmahani alimfuata mpaka kizingitini. Hapo miguu ikagoma. Kilio cha Sabiha kikapotelea kwenye kona.

Jirani yake Bi Shahida, aliyewasomesha wasichana Kurani nyumba ya pili, alikuja mbio.

"Mbona umesimama, mwanangu?"

"Nikitoka nitamkosea marehemu."

"Nani kakwambia? Eda si kifungo. Mwenye dharura hutoka mchana, akarudi kulala kwake. Na hii kama si dharura, basi unangoja nyumba iungue?"

"Kwa kadhi kesi ni tele. Zamu yangu itafika Sabiha yuko Moshi."

"Ndiyo maana utaomba usikilizwe leo. Kesi nzima itangoja zamu yake. Ombi la haraka halingoji. Sema mtoto ni nani wako, hatari gani iko leo, na unataka kadhi azuie nini. Ugomvi wa zamani uache nyumbani. Mimi shahidi wako, nimemwona akimbeba."

Asmahani akavaa buibui. Akafumba macho, akavuka.

Barazani kwa kadhi karani aliwaambia warudi wiki ijayo.

"Mtoto anasafirishwa kesho," akasema Asmahani. "Wiki ijayo nitamdai nani?"

Karani akaingia kwa kadhi. Kadhi akamsikiliza, kisha akamtuma askari amlete Idarusi pamoja na mtoto, maana hakutaka kuamua kwa maneno ya upande mmoja.

Idarusi alifika akitweta. "Muulize, kadhi! Muulize kama haisikii mitalawanda ya maiti!"

"Unaisikia?" kadhi akauliza.

Asmahani alimtazama Sabiha. Akikana, atakuwa amesema uongo mbele ya kadhi. Akikubali, pengine atampoteza.

"Naisikia."

Idarusi akaguna kwa kuridhika.

"Imemdhuru mtoto?"

"Hapana. Huja mpaka mlangoni pake, ikasimama."

"Ni baba," akasema Sabiha. "Huja kuangalia kama nimejifunika."

Karani aliacha kuandika.

"Nyumba sikuiita hapa," kadhi akasema mwishowe. "Mtoto mdogo hukaa kwa mama yake. Asisafirishwe mpaka kesi yote isikilizwe. Amri hii ni ya kumlinda kwa sasa. Siku ya kesi, kila mmoja aje na mashahidi wake."

Jua halijatua, mama na mwana walikuwa nyumbani. Kesi iliposikilizwa, Sabiha aliachwa kwa mama yake, na Idarusi akaruhusiwa kumtembelea. Huja mpaka leo, lakini haingii. Humwita mtoto kutoka barabarani.

Asubuhi ya pili baada ya amri ile, mitalawanda ililia tena. Ka. Ka. Ka. Asmahani akachungulia. Sabiha alikuwa ameivaa, akiiburura uani kwa vidole vyake vidogo. Alipofika mlango wa chumba aliivua, akaipanga vizuri.

"Baba amesema sasa nivae mimi."

Tangu siku hiyo haikulia ila kwa miguu yake.